Kibao cha Chapati Katika Mashua ya Majanji

Ukitoka Mbale au ukitoka Jinja, kitu cha kwanza kukujulisha kwamba umeikaribia Tororo si nyumba wala maandishi ya barabarani, bali ni ule mwamba. Umesimama peke yake katikati ya tambarare kama jino lililosazwa katika ufizi wa mzee, na kilele chake ki mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu wa ardhi hutueleza kuwa ni masalio ya volkano: uji wa moto uliganda katika koo la mlima, kisha mlima wenyewe ukaliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, likabaki koo tu. Chini yake pana mji wa vumbi la saruji, kwa maana kiwanda cha saruji kimekuwako hapo tangu miaka ya 1950. Na pana njia panda ya reli, ambako reli itokayo Mombasa iligawanywa, tawi moja likaelekea Jinja na Kampala, na jingine likapanda Mbale na Soroti.

Hapo ndipo nifanyiapo kazi yangu. Zamani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku hizi ni karani wa mitihani, na kazi hiyo hunipeleka wilaya kadhaa. Safari ninayotaka kuwasimulia ilinipeleka hadi kisiwa kimojawapo cha Ziwa Viktoria, kukagua shule ndogo ambayo wanafunzi wake wangevushwa kwa mashua kuja bara kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Karatasi ya kuikodi mashua hiyo ilikuwa mkobani mwangu, na mahali pa sahihi palikuwa wazi, pakinisubiri mimi.

Kutoka Tororo hadi Busia ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mstari wa mpaka unapita katikati, na Wasamia wako pande zote mbili, shangazi huku na mpwa kule. Sehemu zote hizi, hata mbali sana upande wa mashariki, zilihesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipolikata jimbo zima la mashariki na kulitia katika utawala ambao baadaye uliitwa Kenya. Wazee hawakuulizwa. Tangu mwezi wa Februari 2018 pana kituo cha pamoja cha forodha, ambako msafiri hugongewa mihuri yote miwili mahali pamoja. Lakini zamani vituo viwili vilitenganishwa na kipande cha ardhi ambacho gari la abiria halikuvuka, na mwenye mizigo alikipita kwa miguu. Hapo ndipo vijana wa baiskeli walipopata riziki tangu miaka ya 1960, wakilinadi neno la Kiingereza la mpaka kama walivyolisikia: boda, boda! Leo neno hilo limeenea Afrika ya Mashariki nzima, na wengi walitamkao hawajui kwamba lilizaliwa kwenye matope ya mpakani.

Nilishuka Busia ili ninywe chai. Kando ya hoteli alikuwako mzee mmoja fundi wa baiskeli na pikipiki, amekaa juu ya debe, na juu ya kichwa chake zimening'inia nyaya za breki, za klachi na za resi, kama tambi zilizoanikwa. Nilimtazama akiikagua pikipiki iliyokuwa na klachi ngumu. Hakukimbilia spana. Aliufungua waya upande wa chini, akausukuma mkono wa klachi kwenye injini kwa kidole, ukaenda vizuri. "Ugonjwa hauko hapa," akamwambia mwenye pikipiki. Ndipo akaushika waya wenyewe. Nililiona jambo hilo bila kulitia maanani, nikalipa chai yangu nikaondoka kuelekea Majanji.

Majanji ni ufuko wa wavuvi upande wa Uganda, penye ghuba ambayo ng'ambo yake ni Kenya, kwenye Sio Port na Port Victoria. Katika ziwa hakuna ukuta wala kamba. Mpaka uko katika ramani, na maji hayasomi ramani. Mashua nyingi hapo husukumwa na mashine ndogo za petroli zinazofungwa nyuma. Ile tuliyopanda ilikuwa tofauti: mashua kubwa ya mbao iliyoletwa kutoka upande wa Mwanza, yenye mlingoti na tanga, na ndani ya sanduku la mbao katikati yake mna injini ya dizeli. Nahodha alikaa nyuma, na mbele yake vishikio vitatu: mkono wa gia, mkono wa resi, na kishikio cha kuvuta ili kuzima. Kila kimoja kiliunganishwa na injini kwa waya upitao chini ya mbao za sakafu. Mimi nililiona tanga tu, nikadhani kwamba tumepata usalama mara mbili.

Safari ya kwenda ilikuwa njema. Shule niliikagua, ina walimu wachache na bendera safi. Nafupisha habari hiyo, kwani iliyo kubwa ni ya kurudi.

Tulirudi alasiri, watu kumi na wanne. Miongoni mwetu alikuwamo mke wa askari polisi aliyepata uhamisho, anahamia bara na watoto wawili na vyombo vyote vya nyumba: magodoro, masufuria, jiko, na furushi la vifaa vya kupikia. Alikuwamo pia sajini mstaafu wa jeshi, mtu wa maneno machache, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika magari ya usafirishaji. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kama kawaida ya saa zile. Ufukoni tuliwaona akina mama wakianika dagaa, na majini, hadi kifuani, watoto kama ishirini wakioga.

Nahodha akapunguza resi, akaurudisha mkono wa gia katikati ili mashua iteleze polepole. Mkono ulikwenda kwa wepesi mno, kama kijiko ndani ya bakuli tupu, na mashua haikubadili mwendo. Akautia nyuma, kwenye rivasi. Hapakuwa na badiliko lolote. Rafadha ilikuwa ikizunguka vilevile kutupeleka mbele, na watoto wakitupungia mikono.

"Nahodha, zima!" akasema sajini.

Nahodha akavuta kishikio cha kuzimia. Kishikio kikatoka chote mkononi mwake pamoja na kipande cha waya chenye kutu, kama mchicha ung'olewao na mizizi yake.

"Haizimiki, afande!"

Akazungusha ufunguo, injini ikaendelea kunguruma. Hapa hapana budi nieleze, maana wengi wetu tumezoea pikipiki na magari madogo. Injini ya petroli huwashwa na cheche za umeme. Ukikata umeme, imekufa. Dizeli haina cheche. Huibana hewa mpaka inakuwa kama sehemu moja ya kumi na sita ya ukubwa wake, au ndogo zaidi, na hewa iliyobanwa hivyo huwa na moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe. Kwa hiyo katika injini ya namna ile ya zamani ufunguo hauna amri yoyote juu ya mwendo wake. Atakaye kuizima hana budi kuinyima ama mafuta ama hewa.

Nahodha, namsifu kwa hilo, aliukata usukani kwa nguvu, tukawageuzia watoto ubavu, tukarudi kwenye maji mapana. Lakini hatukuweza kuzunguka huko mpaka mafuta yaishe. Jua lilikuwa likishuka, wingu lilikuwa likija, na kila duara upepo ulitusogeza karibu na mawe. Mama yule aliwakumbatia wanawe wawili, hakulia. Nakiri kwamba mimi niliushika mkoba wangu wa karatasi za serikali, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Sajini alilifungua sanduku la injini. Magunia ya mahindi yalikuwa yamerundikwa ubavuni mwake, yakaificha pampu ya mafuta na bomba lake. Kilichoonekana ni kinywa cha kuvutia hewa tu, nacho kilikuwa wazi, bila chujio. Kijana mmoja akataka kukiziba kwa kiganja. Sajini akampiga kofi la mkono. "Utaupoteza mkono! Nipeni kitu bapa, kigumu!"

Yule mama ndiye aliyeelewa upesi kuliko sisi wanaume kumi. Alitia mkono ndani ya furushi lake, akatoa kibao cha kusukumia chapati. Sajini akakibandika juu ya kinywa cha injini, akakilalia kwa uzito wake. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Kimya kile sitakisahau. Nahodha akapandisha tanga, na kwa tanga na pondo tukateleza sambamba na ufuko, tukapwelea kwenye mchanga mbali na watoto.

Usiku ule nililala Majanji, kwa mwenyeji aliyenipa ugali na samaki ambaye huku huitwa mbuta na kule Mwanza sangara. Usingizi haukuja. Baada ya siku nne mashua ile ile ilipaswa kuwavusha watoto wa shule, na hapakuwa na nyingine ya ukubwa ule. Mwenye mashua alikuja akaniambia, "Mwalimu, usihofu, nitanunua waya mpya wa gia, mambo yaishe." Sajini akamkatiza: "Umeupima? Umejuaje kuwa waya ndio mgonjwa?" Ndipo nilipomkumbuka mzee wa Busia na kidole chake. Nilipomtaja, sajini alimjua. Alfajiri tukampelekea pikipiki.

Mzee alifika na mfuko mdogo wa vifaa: spana nne, koleo, tupa, na bunda la nyaya za breki za baiskeli. Alisema waziwazi kwamba hajawahi kuigusa mashua. Sajini akasema yeye atajibu ya dizeli na mzee ajibu ya nyaya. Nikaona watu wawili wenye umri wakishauriana bila kushindana, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi.

Walianza kwenye giaboksi, siyo kwa nahodha. Mzee alichomoa pini, akautenga waya wa gia na mkono mdogo wa giaboksi. Sajini akausukuma mkono huo kwa vidole: mbele, ukaingia kwa mlio mdogo, katikati, nyuma, ukaingia tena. Giaboksi ilikuwa nzima. Kisha nahodha akaambiwa auendeshe mkono wake kule nyuma, huku ncha ya waya ikiwa huru. Ulikuwa mwepesi, haukukwama wala kukwaruza. Kwa hiyo waya wa ndani haukushika kutu. Mwenye mashua akauliza, kwa hasira kidogo, sasa ugonjwa uko wapi ikiwa kila kitu ni kizima?

Mzee hakujibu. Aliurudisha waya kwenye mkono wa giaboksi, akamwambia nahodha aendeshe tena, naye akaushika waya kwa nje, lile ganda lake. Ganda lilikuwa likienda mbele na nyuma kama nyoka shimoni.

"Mwalimu, njoo uone," akaniita. "Wewe uliwafundisha watoto, utanielewa. Waya wa namna hii ni viwili: ganda na uzi. Uzi hauwezi kusukuma kitu ikiwa ganda halikushikwa mahali. Ukimvuta mtu aliyesimama juu ya barafu, ni nani atakayekuja, yeye au wewe?"

Sijui mzee wa Busia barafu aliiona wapi, lakini mfano wake ulikuwa sahihi. Pale ubavuni mwa giaboksi pana kibano cha chuma kinachopaswa kulishika ganda lisisogee. Parafujo zake mbili hazikuwapo. Mtetemo ulizilegeza siku baada ya siku hadi zikadondoka. Kijana aliingia tumboni mwa mashua, akapapasa katika maji meusi yenye mafuta, na baada ya nusu saa akaipata moja. Ya pili ilichongwa kutoka kwenye bolti ya baiskeli. Waya mpya ambao mwenye mashua alitaka kuununua ungewekwa pale pale, bila kibano, ukafanya vile vile.

Kuhusu waya wa kuzimia, hadithi ilikuwa nyingine. Huo ulikatika kweli, umeliwa na kutu mahali maji yalipoingia ndani ya ganda. Mzee akatia waya wa breki ya baiskeli katika ganda jipya, akaufunga kwenye mkono mdogo ulio ubavuni mwa pampu ya mafuta. Nikauliza kwa nini basi waya wa baiskeli usitumike na kwenye gia, uwe akiba. Akacheka. Waya wa breki hujua kuvuta tu. Kurudi hurudishwa na springi. Mkono wa kuzimia una springi, kwa hiyo kuvuta kunatosha. Gia husukumwa na kuvutwa, tena haina springi ya kuirudisha. Ukiusukuma waya mwembamba, utajikunja tu ndani ya ganda. Waya wa gia ni mnene na mgumu kwa sababu hiyo. Uzi ndani ya ganda ni uvumbuzi ambao Mwairishi Ernest Bowden alipewa hataza yake mwaka 1896, na baiskeli zikaufaidi mapema. Lakini sijapata kuusikia ukielezwa vizuri zaidi ya vile nilivyousikia juu ya mchanga wa Majanji.

Ukabaki wa resi. Huu ulifanya kazi, ila nahodha alikiri kwamba kwa miezi kadhaa umekuwa mzito na wa kushtuka. Sajini alipoufuata chini ya mbao alikuta umepindwa kwa ghafla pembeni mwa fremu, na juu ya pindo hilo ndipo gunia la mahindi hukaliwa kila safari. Waya wa namna hiyo hautaki kona kali. Kona yake ipewe nafasi, nusu kipenyo isipungue sentimita 20 hivi. Mwenye mashua akauliza kama apige grisi. Mzee akakataa: ganda lile lina bomba la plastiki ndani, na waya uliokwisha kukwaruza humo haufufuki kwa grisi, hupata nafuu wiki moja, kisha hukwama, na mara nyingi hukwama resi ikiwa juu. Huo ndio uliohitaji kununuliwa upya. Wakaupima urefu kutoka ncha hadi ncha kwa kamba, pamoja na nafasi ya kona pana, mwenye mashua akaondoka nayo kwenda kuutafuta. Aliupata siku ya pili yake, sikumwuliza ni upande gani wa Busia.

Niliposikia kwamba kazi imekwisha nilirudi Majanji, siku moja kabla ya watoto kuvushwa. Sajini alikataa mashua iende ziwani kwanza. Iliwekwa ufukoni, kamba mbili mbele na mbili nyuma, ndipo injini ikawashwa. Yeye alikaa kwenye sanduku akitazama, na nahodha akatenda. Gia mbele: je, mkono mdogo umefika mwisho wake kabisa? Umefika. Katikati: je, rafadha imesimama kweli? Imesimama. Nyuma: haukufika, ulibakiza kama unene wa kidole. Sajini akazima. Alisema gia iliyoingia nusu huteleza, na klachi za ndani huungua bila mtu kujua, mpaka siku unapohitaji kurudi nyuma ndipo usirudi. Mzee akazungusha ncha ya waya kwenye uzi wake mizunguko miwili, akafunga nati yake ya pili, akatia pini. Mara hii ukafika pande zote mbili.

Kisha resi, kutoka chini hadi juu, na kurudi chini bila kusukumwa. Mwisho, kuzima. Nahodha akavuta kishikio kipya, injini ikanyamaza mara moja. Nikamwomba afanye tena. Akafanya mara tatu, na mara ya tatu nafikiri alinichukia.

Magunia yalikatazwa karibu na sanduku. Chujio la hewa likawekwa. Kwenye mbao za ndani ya sanduku nilimwona nahodha akichora mshale kwa rangi nyekundu, unaoelekea ule mkono mdogo wa pampu ya mafuta, ili hata abiria asiyejua kitu aweze kuusukuma kwa kidole iwapo waya utakatika tena. Nikaitoa karatasi mkobani, nikaiweka juu ya mfuniko wa sanduku la injini uliokuwa bado na joto, nikatia sahihi.

Wanafunzi walivushwa asubuhi iliyofuata, wakiwa na makoti ya kuokolea, wakaimba njia nzima, na mmoja alitapika juu ya kiatu changu.

Mke wa yule askari nilikutana naye tena Tororo katika kota za polisi, nilipompelekea kibao chake kilichosahauliwa mashuani. Upande mmoja kilikuwa na alama nyeusi ya duara ambayo sabuni wala mchanga haukuiondoa. Alikigeuza akakitazama pande zote mbili, akasema, "Mwalimu, karibu ndani, nitasukumia huu mwingine," akaenda kutia maji kwenye unga.